IMA ADPCM kwenye STM32: sauti ina tik-tik na inakatika kila sekunde, kosa liko wapi?

kisanduku8k

Habari wakuu. Natengeneza mashine ya kuita namba za foleni. Mhudumu anarekodi maneno yake mwenyewe ("namba", "mia", "ishirini", "na", "tano", "dirisha la pili"), yanahifadhiwa, halafu mashine inayaunganisha wakati wa kuita. Vifaa ni hivi:

- STM32F103C8 (kidhibiti kidogo), 72 MHz, RAM 20 KB
- moduli ya maiki yenye MAX9814, imeingia moja kwa moja kwenye ADC (kibadilishi cha sauti kuwa namba) ya biti 12, sampuli 8000 kwa sekunde
- fleshi ya SPI, W25Q32 (MB 4)
- sauti inatoka kwa PWM (mapigo ya upana unaobadilika) ya biti 10, inapita kwenye RC (kichujio cha rezista na kapasita), kisha PAM8403 (kikuza sauti)

Natumia IMA ADPCM (njia ya kubana sauti), biti 4 kwa kila sampuli. Bila kubana ningekula baiti 16,000 kwa sekunde, sasa nakula kama 4,000. Bloku ni baiti 256 ili iingie sawasawa kwenye ukurasa mmoja wa fleshi: baiti 4 za kichwa na 252 za data, jumla sampuli 505.

Shida ni tatu. Mtu akiongea kwa nguvu kuna tik-tik-tik ya haraka chini ya sauti, akinyamaza inapotea. Pili, akirekodi sentensi ndefu, kila baada ya sekunde moja hivi kuna kipande cha neno kinarukwa. Tatu, kila neno likianza na likiisha spika inapiga "pu".

Mwanzo wa kila bloku naita `adpcm_init()`, inaweka kikisio (thamani inayokisiwa ya sampuli ijayo) = sampuli ya kwanza na indeksi (nafasi kwenye jedwali la hatua) = 0. Sekta ya fleshi (4 KB) naifuta pale uandishi unapoifikia. Kwenye ADC natoa 2048 kisha nazidisha kwa 16. Je, ADPCM ndiyo ilivyo au kuna ninachokosea?

---

nusubaiti

Mkuu, hesabu zako zimeshakujibu. 8000 gawa kwa 505 ni 15.8. Tik-tik yako bila shaka inapiga kama mara 16 kwa sekunde, yaani mara moja kwa kila bloku. Mkosaji ni ile `index = 0`.

ADPCM haiandiki sampuli. Inaandika tofauti kati ya sampuli na kikisio, ikipimwa kwa hatua. Hatua yenyewe haihifadhiwi kwa kila sampuli: enkoda (inayobana) na dekoda (inayofungua) kila moja inaikokotoa kutokana na namba zilizotangulia. Namba ndogo (0 hadi 3) inashusha indeksi kwa 1. Namba kubwa (4, 5, 6, 7) inaipandisha kwa 2, 4, 6 au 8. Jedwali lina hatua 89, kuanzia 7 hadi 32767, na kila moja inaizidi iliyotangulia kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo hatua inapanda kwa kasi na kushuka polepole. Imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu sauti ya mtu huanza ghafla na kufifia taratibu.

Sasa tazama unachoifanyia. Tuseme kikisio ni 0, indeksi ni 0 (hatua 7), na sauti imeruka hadi 3000 na kubaki hapo. Enkoda inatoa 7 mara saba mfululizo, kwa kuwa haina namba kubwa zaidi, kisha 1. Dekoda inapata:

11, 41, 104, 240, 533, 1164, 2521, 3103

Sampuli saba zote ziko chini ya inapotakiwa. Ya nane ndiyo inafika, tena imepitiliza kwa 103. Hiyo ni karibu milisekunde moja ya mawimbi yaliyopinda. Ukimya ukitangulia, sikio halilioni hilo, maana hata "p" na "t" huanza na mlipuko mdogo. Lakini wewe unairudisha hatua kwenye 7 katikati ya "a" nzito, mara 16 kwa sekunde. Mtu akinyamaza, hatua ndogo ndiyo inayotakiwa, kwa hiyo tik haisikiki.

Dawa: usiguse indeksi kati ya bloku na bloku. Kikisio kipya kiwe sampuli ya kwanza ya bloku kama unavyofanya, ila indeksi iendelee ilipofikia, na iandike kwenye kichwa:

```
blk[0] = s & 0xFF;
blk[1] = (s >> 8) & 0xFF;
blk[2] = st.index; // siyo 0
blk[3] = 0;
st.pred = s;
```

Baiti ya tatu ya kichwa iliwekwa kwa kazi hiyo hasa. Sifuri iache kwa bloku ya kwanza ya kila neno tu, maana hapo unaanzia kwenye ukimya. Kama unakata ukimya wa mwanzo, chukua tofauti ya sampuli ya kwanza na ya pili, kisha tafuta kwenye jedwali hatua iliyo karibu nayo.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha jambo moja zaidi. Ndani ya enkoda, kikisio cha sampuli inayofuata lazima kitokane na thamani ambayo dekoda itaipata, si sampuli halisi iliyotoka kwenye ADC. Wengi huteleza hapa na kosa halionekani mara moja: kila sampuli huacha kosa dogo, makosa yanajumlika, na sauti inaelea juu au chini hadi kichwa cha bloku ijayo kiiokoe. Kipimo chake ni rahisi. Kompaili enkoda na dekoda yako kwenye kompyuta, pitisha sauti yoyote, na linganisha `st.pred` ya enkoda na sampuli iliyotoka kwenye dekoda. Zisilingane kwa kukaribiana, zilingane biti kwa biti. Tofauti ya 1 tu ni hitilafu, na mara nyingi ni mtu aliyetumia kuzidisha kwa desimali upande mmoja na `step>>3` upande mwingine, au amesahau kubana kikisio kati ya -32768 na 32767 na indeksi kati ya 0 na 88.

---

waya_mwekundu

Mkuu hapo juu kamaliza la kwanza. La pili halihusiani na ADPCM hata kidogo.

Sekta ya 4 KB inabeba bloku 16. 16 × 505 ÷ 8000 = sekunde 1.01. Ndiyo hiyo "sekunde moja hivi" yako. Kufuta sekta kwenye W25Q32 kwa kawaida huchukua kama ms 45, lakini datashiti inaruhusu hadi ms 400. Katika ms 45 zinapita sampuli 360. Kama programu yako imekaa inasubiri biti ya BUSY (inayoonyesha fleshi bado ina kazi) ishuke, bafa (hifadhi ya muda) ya ADC inajiandika upya juu ya data ambayo haijasomwa.

Tofautisha makosa haya mawili, itakusaidia siku zote. Sampuli zikipotea *kabla* ya enkoda, unasikia neno limerukwa, basi. Enkoda na dekoda bado zinakubaliana. Baiti zikipotea *baada* ya enkoda, zinaacha kukubaliana, na hapo kila kinachofuata kinaharibika hadi kichwa kijacho. La kwako ni la kabla.

Fanya hivi:

1. ADC iendeshwe na taima na DMA (uhamishaji wa data bila CPU) ya mzunguko, bafa ya sampuli 256 ikigawanywa nusu mbili. Kila nusu ikijaa (ms 16), iendeshe enkoda.
2. Usipange foleni ya sampuli ghafi, panga foleni ya bloku zilizokwisha kubanwa. Kwa ms 400 mbaya kabisa unahitaji sampuli 3200: zikiwa ghafi ni baiti 6400, zikiwa zimebanwa ni bloku 7, baiti 1792. Weka nafasi ya bloku 8 (baiti 2048). RAM ya KB 20 haitasikia uzito.
3. Afadhali zaidi, futa eneo zima kabla taa ya kurekodi haijawaka. Kufuta kwa vipande vya KB 64 huchukua kama ms 150 kila kimoja, na kimoja kinatosha sekunde 16 za sauti. Neno la foleni halifiki hata sekunde 2.

Ukishafuta mapema, kuandika ukurasa ni chini ya ms 1 kwa kawaida, ms 3 ikizidi sana, na una ms 63 kati ya bloku na bloku. Foleni ibakishe hata hivyo, kwa usalama.

La tatu: MAX9814 haikai katikati ya 3.3 V. Pato lake linaelea kwenye kama 1.25 V. Kwenye ADC yako hiyo ni karibu 1550, wewe unatoa 2048. Umebaki na kama -500, ukizidisha kwa 16 ni kama -8000. Faili lako lote limekaa huko chini. ADPCM yenyewe hailalamiki, maana inaandika tofauti tu, na ndiyo sababu sauti inasikika sawa. Lakini kati ya neno na neno unacheza sifuri, kwa hiyo koni ya spika inaruka kutoka 0 hadi -8000 na kurudi. Ndiyo "pu".

Usiandike 1550 badala ya 2048 ukadhani umemaliza. Moduli hazifanani na joto linabadilisha. Weka kichujio cha kuondoa DC:

y[n] = x[n] − x[n−1] + (15/16)·y[n−1]

Kwa sampuli 8000 kwa sekunde kinakata chini ya Hz 80 hivi, na kinaondoa pia sehemu ya muungurumo wa umeme wa Hz 50. y iwe ya biti 32 na ishikilie biti 8 za ziada chini, la sivyo kugawanya kwa nambari kamili kutaacha masalia ambayo hayafiki sifuri kamwe.

---

kisanduku8k

Asanteni sana. Nimeacha kuifuta indeksi na tik-tik imekwisha kabisa. Kufuta mapema kumemaliza kukatika, na kichujio kimeondoa "pu".

Yamebaki mawili. Nikilitoa faili na kulifungua kwenye kompyuta kama WAV, maneno yanasikika lakini yamekwaruza vibaya, wakati kwenye kifaa chenyewe yako safi. Pia mhudumu akinyamaza kabla ya neno kuna mvumo wa "shhh" unaopanda taratibu. Je, nihamie G.726 au Opus (njia nyingine za kubana sauti)?

---

nusubaiti

Kukwaruza kwenye kompyuta huku kifaa kikiwa safi: umegeuza mpangilio wa nusu baiti. Enkoda na dekoda zako zinafanana kwa hiyo hazioni tatizo, ila IMA ya WAV inataka sampuli inayotangulia ikae kwenye biti 4 za *chini* na inayofuata kwenye biti 4 za *juu*. Faili za VOX za Dialogic (za mifumo ya simu) zinafanya kinyume, tena jedwali lake ni la hatua 49 na sauti ya biti 12, si hizi 89. Msimbo mwingi unaozunguka mtandaoni umeokota kidogo huku na kidogo kule, na wala haukuambii.

Kwenye kichwa cha WAV kagua haya: aina ya umbizo 0x0011, chaneli 1, sampuli 8000, wastani wa baiti kwa sekunde 4055, ukubwa wa bloku 256, biti 4, kisha uga wa ziada wa baiti 2 unaosema 505. Kipande cha `fact` nacho kiwepo, kikitaja jumla ya sampuli. Bila hicho programu nyingine zitacheza hata takataka za mwisho wa bloku. Na kumbuka ile sampuli iliyo kichwani inahesabiwa kuwa sampuli ya kwanza ya sauti. Ukiisahau utapata 504 na sauti itakuwa inakimbia kidogo kidogo.

Pata faili la kulinganisha kwa programu ya sox:

`sox sauti.wav -r 8000 -c 1 -e ima-adpcm rejea.wav`

kisha lipitishe kwenye dekoda yako. Likisikika safi, tatizo la nusu baiti umelimaliza.

---

waya_mwekundu

Mvumo unaopanda ni wa maiki. MAX9814 ina kidhibiti cha ukuzaji kinachojiendesha: ukimya ukidumu, inaongeza ukuzaji na kuokota feni, jirani na mlango. Pini ya GAIN ikiachwa hewani ni dB 60. Ikiunganishwa na VDD ni dB 40. Kwa mtu anayeongea karibu na kifaa, weka 40.

Hili linagusa ADPCM pia. Sasa una mitambo miwili inayojirekebisha, mmoja nyuma ya mwingine. Indeksi inataka ukimya ili ishuke hadi chini, mvumo hauiruhusu. Basi hatua inabaki kubwa na kelele ya ukadiriaji inaongezeka juu ya mvumo wenyewe.

Na hata ukiweka RC moja kabla ya ADC, isikudanganye. 10 kΩ na 4.7 nF inakata kwenye kama 3.4 kHz, lakini kwenye 5 kHz inapunguza dB 5 tu. "S" na "sh" zina nguvu nyingi juu ya 4 kHz, na zote zinajikunja kurudi ndani ya sauti kama mchanga. "Ishirini" na "sita" ndizo zitakazokuonyesha. Soma ADC mara 32,000 kwa sekunde, pitisha FIR (kichujio cha dijitali) ya vizidishi 32, bakiza sampuli moja kati ya nne. Ni kuzidisha 256,000 kwa sekunde. F103 inafanya hiyo huku inasinzia.

---

kebo_ya_shaba

Kuhusu kuhama: usihame.

Opus kwa KB 20 za RAM sahau. G.726 kwa 32 kbit/s inatumia biti zile zile 4, ila kikisio chake hakichukui tu thamani iliyopita. Kina kichujio cha nguzo 2 na sifuri 6 ambacho vizidishi vyake vinabadilika kwa kila sampuli. Kilitokana na G.721 ya mwaka 1984, na mwaka 1990 kikaunganishwa na viwango vya 16, 24 na 40 kuwa G.726. Simu zisizo na waya za DECT zinakitumia. Sauti yake ni bora kuliko IMA, hilo halina ubishi, lakini kazi kwa kila sampuli ni kubwa mara nyingi zaidi na majedwali yake hayasamehe mtu aliyekosea biti moja.

Faida yake kubwa iko kwingine: ina uvujaji. Kila sampuli hali ya zamani inapunguzwa kidogo (hatua kwa 1/32 kwenye mkondo wa haraka, vizidishi vingi kwa 1/256), kwa hiyo kosa la njiani linasahaulika lenyewe. IMA haina uvujaji. Biti ya ishara ikigeuka, kikisio kinabaki kimehama hadi kichwa kijacho. Kwenye fleshi biti hazigeuki ovyo, kwa hiyo unalipia kitu usichokihitaji.

Kwa MB 4 una kama dakika 17 za sauti. Maneno ya foleni hayafiki dakika 2. Ukitaka ubora zaidi, panda hadi sampuli 16,000 kwa IMA hiyo hiyo. "S" zitafunguka kuliko G.726 yoyote ya 8 kHz.

---

kisanduku8k

Nimeelewa, nabaki na IMA. La mwisho: tukiweka spika ya pili chumba kingine, naweza kurusha bloku hizi hizi kwa redio ya SX1276? Ninayo moduli ya LoRa (redio ya masafa marefu, kasi ndogo).

---

kebo_ya_shaba

Kwa LoRa moja kwa moja haitoshi. SF7 (mpangilio wake mmoja wa kasi) yenye upana wa 125 kHz inakupa kama 5.5 kbit/s, wewe unahitaji 32 na ushee. Lakini chipu hiyo hiyo ina FSK (urushaji wa kubadilisha masafa) inayofika 300 kbit/s. Iweke kwenye 100 na utapata nafasi. Umbali utapungua, ila ni chumba cha pili tu.

Bloku ya baiti 256 usiirushe ilivyo: uga wa urefu kwenye pakiti ni baiti moja, kikomo ni 255. Kata bloku za baiti 128, yaani sampuli 249, ms 31. Baiti ya nne ya kichwa, ile ya sifuri, igeuze iwe namba ya pakiti. Hewani hakuna WAV wa kulalamika. CRC (namba ya kukagua makosa) iwashe, na pakiti ikifeli itupe yote. Kucheza pakiti yenye biti mbovu ni kubaya kuliko kuikosa, kwa sababu indeksi ikipotoka inaweza kupiga kelele hadi mwisho wa bloku.

Pakiti ikikosekana, rudia iliyopita kwa nusu ya nguvu, ya pili ikikosekana shuka hadi sifuri ndani ya ms 10. Kichwa cha pakiti inayofuata kitarudisha kikisio na indeksi mahali pake bila wewe kufanya lolote. Weka pakiti 3 kwenye bafa ya mpokeaji kabla ya kuanza kucheza; hiyo ni ms 93 za ucheleweshaji.

Kuna njia nyingine, CVSD: biti moja kwa sampuli, hatua inakua biti zikifuatana zikiwa sawa, na inavuja kila mara. Bluetooth inaitumia kwa 64 kbit/s kwa sababu biti zikiharibika unasikia mchakacho tu, maneno hayapotei. Ni nzuri pale usipoweza kutumia pakiti. Wewe unazo pakiti na CRC, kwa hiyo haikuongezei kitu.

---

nusubaiti

Ongezea: maneno ya foleni hayabadiliki kila siku. Rusha faili zote mara moja mhudumu akimaliza kurekodi, ukiomba tena kila pakiti iliyopotea, zikae kwenye fleshi ya mpokeaji. Wakati wa kuita unatuma orodha ya namba za maneno tu, baiti 8 au 10. Hapo hata LoRa yako inatosha, na vyumba vyote vinasikia sauti safi.